Tone la Joto la Kwanza

Roseline anasema chai ilichemka yenyewe. Anasema alikuwa ameinjika sufuria juu ya mafiga, maji na maziwa na majani tayari ndani, akageuka kuchukua kuni, na kabla hajagusa ukuni hata mmoja chai ikapanda ikamwagika. Chini ya sufuria hapakuwa na moto. Palikuwa na majivu ya jana na kuku amejilaza juu yake.

"Nikamfukuza kuku," anasema Roseline, "nikatia sukari."

Wateja wake, wachimbaji dhahabu wa kile kilima kilicho nyuma ya Sori, waliinywa. Mmoja akalalamika kwamba chai ina chumvi. Roseline akaonja, akaona ni kweli ina chumvi, na sukari pia inayo, na kuna ladha ya bati la sufuria humo humo, na ulimi haukuweza kusema hiki kimeishia hapa na kile kimeanzia pale. Akamwambia mteja asiyeitaka aache, ziwa lile pale, maji ni ya bure.

Nyatichi aliisikia habari hiyo akiwa amechuchumaa kando ya dimbwi, karai mkononi, anaosha mchanga. Hakuacha kuosha. Alimwuliza jirani yake jambo moja tu.

"Mafiga yako sasa yako upande gani, Mama Valary?"

Roseline, ambaye watu wengi humwita hivyo kwa jina la bintiye, alionyesha kwa mdomo. Alikuwa ameyahamisha juzi kwa sababu ya upepo. Yalikuwa upande wa kibanda unaotazama shimo la Maxwell, lile lililoporomoka.

"Basi ni Mosoti," akasema Nyatichi.

"Hata mimi nilisema ni yeye," akajibu Roseline. "Lakini angeniambia mapema, nisingenunua kuni."

Mosoti alikuwa kaka yake Nyatichi. Walikuwa wametoka pamoja milimani, upande wa Kisii, ambako shamba la baba yao lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena hata jogoo akisimama kwao kivuli chake kinaanguka kwa jirani. Mosoti alipata kazi ya kushuka shimoni. Nyatichi, aliyeishia darasa la nane, alipata kazi wanayopata wanawake: kuponda mawe, kuosha mchanga, kutia zebaki, kukamua kwa kitambaa, kuchoma juu ya jiko la makaa. Shimoni mwanamke hashuki. Hata mdomoni mwa shimo hasimami. Wanaume wa pale wanaamini dhahabu ina haya, ikisikia sauti ya mwanamke inakimbilia ndani zaidi.

Shimo liliporomoka wakati wa masika. Magogo yaliyokuwa yameshikilia kuta yalikuwa yameng'olewa ili yakashikilie shimo jipya, nalo shimo la zamani likasubiri mvua ya kwanza ya maana. Walikuwamo watatu. Wawili walitolewa, wamejaa matope puani lakini wazima. Mosoti alibaki.

Maxwell, mwenye shimo, alisema wangoje udongo ukauke. Ukakauka. Akasema wangoje mashine. Mashine haikuja. Nyatichi alikuwa akienda kwake kila asubuhi kabla ya kazi, anasimama mlangoni, anauliza, anajibiwa, anarudi. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kungoja, na Maxwell alikuwa ameliona hilo.

Halafu siku moja Maxwell alimletea tunda la mwegea. Lilikuwa refu na zito kama mguu wa mtoto, limefungwa ndani ya shuka jeupe jipya. Waluo huliita yago. Mtu akizama ziwani asionekane, ama akifia mbali asirudi, huzikwa yago mahali pake ili kaburi lisibaki na njaa, na waliobaki wapate kulala. Ni desturi nzuri, na mtu anayeileta huletwa na heshima. Maxwell alivua kofia.

"Dada, hii ni kwa ajili ya ndugu yetu," akasema. "Mpelekeni nyumbani, mzikeni."

Nyatichi alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kitu kilichofungwa shuka hakipokelewi kwa mkono mmoja. Kisha akasema, "Tunda ni la mtu aliyepotea. Mosoti hajapotea. Yuko pale."

Akaonyesha. Maxwell akatazama alikoonyesha, na kila mtu aliyekuwapo akatazama. Hapakuwa mbali. Mtu angeweza kurusha jiwe likafika. Maxwell akavaa kofia yake.

Tunda likakaa nyuma ya mlango wa Nyatichi, ndani ya shuka lake.

Siku chache baada ya ile chai, Nyatichi aliruhusiwa kuosha kifusi kilichotoka kwenye mdomo wa shimo la zamani, mchanga ambao wengine walikuwa wameshauosha mara mbili. Aliosha. Akatia zebaki, akakamua, akaweka kidonge kwenye kigae juu ya makaa. Alifunika pua kwa leso na kukaa upande unaotoka upepo, kama alivyofundishwa na wanawake ambao mikono yao sasa inatetemeka. Zebaki ikapaa. Kilichobaki hakikuwa dhahabu.

Lilikuwa tone. Ukubwa wake ulikuwa wa punje ya wimbi. Rangi yake ilikuwa ile mtu anayoiona akifumba macho baada ya kutazama jua. Lilikuwa likitembea juu ya kigae bila kuacha kutembea, laini kuliko maji, laini kuliko mafuta, kama kitu ambacho hakijawahi kukwaruzana na kitu kingine. Kigae kikalainika. Makaa yaliyokuwa chini yakawa kijani kidogo, yakarudi kuwa mti kwa muda, yakawa makaa tena.

Nyatichi alilimimina ndani ya sufuria ya marehemu mama yake. Lilikuwa na joto lililokuwapo kabla ya joto, lakini sufuria haikuyeyuka. Ilikuwa sufuria ya zamani, ya wakati vitu vilipokuwa vikitengenezwa vizuri.

"Nyatichi," tone likasema.

"Naam, kaka."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Huku hakuna kula. Hakuna mdomo." Mosoti alifikiri kidogo. "Niko mzima, lakini sijapangika. Vipande vyangu vyote viko, ila bado havijaamua ni vya nani. Hapa karibu yangu kuna kipande kilikuwa cha gogo, na kingine cha jiwe, na kimoja nadhani ni cha ile tochi. Tunaogelea tu."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimebanwa. Ni kama ile lori ya mahindi tuliyopanda tukija huku, unakumbuka?"

Alikumbuka. Akafunika sufuria kwa sahani, akaenda kuchota maji.

Kuishi na tone hakukuwa na taabu nyingi. Nyatichi hakununua makaa tena. Ugali na sukuma wiki vilitoka chunguni vikiwa kitu kimoja, na alikula kitu hicho. Nguo alizofua zilikauka kabla hazijatundikwa. Sufuria ilikuwa ikizama sakafuni polepole, kwa hiyo kila asubuhi aliinua na kuihamishia kwingine, na sakafu ikajaa mashimo ya mviringo ambayo kuku wa Roseline walitagia. Nyatichi ni Msabato na Roseline ni Mkatoliki, na ndani ya chumba kile Jumamosi na Jumapili zikawa siku moja. Wakaimba nyimbo za pande zote mbili kwa wakati mmoja, zikaenda sawa. Ilipofika mwisho wa wiki hiyo Roseline alisema amepumzika kuliko miaka yote, ila hajui ni siku gani kati ya hizo mbili iliyompumzisha.

Jioni, kabla jua halijaingia ziwani, Nyatichi alikaa karibu na sufuria na kumpa kaka yake habari za nyumbani. Kila mara alimalizia vile vile.

"Nitakutoa, kaka."

"Najua. Usichoke."

"Nimechoka. Lakini nitakutoa."

Habari za chai isiyo na kuni zilifika Homa Bay, ambako kulikuwa na mwanamke aitwaye Millicent, daktari, si wa wagonjwa bali wa vitu. Alikuwa amesoma ng'ambo mambo ya mwanzo wa ulimwengu na amerudi kwao, ambako hakuna aliyemwuliza lolote kuyahusu. Alikuja Sori na gari na vyombo vya kupimia. Vyombo vilipopelekwa karibu na sufuria, mishale yao ilizunguka na kuzunguka, kisha ikaacha kujishughulisha. Daktari Millicent akatoka nje, akakaa kwenye benchi la Roseline, akaomba chai.

"Mnajua hiki ni nini?" akauliza.

"Ni Mosoti," akasema Roseline.

Daktari akakubali kwa kichwa. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Ni Mosoti, sawa. Lakini ni vile Mosoti alivyokuwa kabla ya vitu vyote." Akaweka kikombe chini. "Zamani hizo, kabla ya jua, kabla ya mawe, kila kitu kilichopo leo kilikuwa kimesongamana mahali padogo kuliko mbegu ya sukuma. Joto lilikuwa jingi mno, hakuna kitu kingeweza kuwa kitu. Hakuna chuma, hakuna maji, hakuna chumvi. Ni vipande tu, vidogo kuliko vidogo, vinaogelea bila kushikana. Mchuzi. Hata mwanga ulikuwamo lakini ulikuwa haupati njia ya kutoka."

"Halafu?"

"Halafu ukapoa. Kwa kufumba na kufumbua. Mchuzi ulipopoa, vipande vikashikana vitatu vitatu, kama haya mafiga yako, mama. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuona kimoja kikiwa peke yake. Ukikivuta, kinakuja na wenzake."

Roseline akayatazama mafiga yake. "Haya ninayavuta moja moja nikifagia."

"Hayo ya kwanza hayavutiki."

Daktari akawaeleza kwamba ng'ambo wamechimba njia ndefu ya mviringo chini ya ardhi, na humo wanagonganisha vitu ili kupata tone kama hili, nalo likipatikana halikai hata kope ishuke.

Wachimbaji waliokuwa wakinywa chai walisikiliza. Mmoja wao, aliyekuwa ametolewa shimoni siku ile ya masika, akauliza, "Na hilo shimo lao, haliporomoki?"

"Hapana. Wamelizungushia zege."

Wakaendelea kunywa, wakiifikiria ile zege.

Daktari Millicent aliomba tone. Alisema kuna chumba Homa Bay chenye mashine za kulitazama na umeme usiokatika, na kwamba ulimwengu mzima unangoja. Nyatichi alisema ulimwengu ungoje kidogo. Alisema atalitoa tone siku mashine ya kuchimba itakapofika kilimani na kuanza kumtoa kaka yake. Hakutaka kingine. Daktari aliona ombi hilo ni dogo sana, akashangaa tu kwamba halijatimizwa bado. Akapita kilimani na vyombo vyake, ambavyo mbali na sufuria vilikubali kupima, akachora ramani ya joto, akaenda nayo kwa Maxwell.

Mashine ikaja. Iliyoshindikana tangu masika ilifika juu ya lori kabla wiki haijaisha, kwa sababu sasa kulikuwa na barua zenye mihuri na wageni wa kupokelewa. Ilikuwa ya manjano, na mwendeshaji wake aliitwa Frankline, kijana mpole kutoka Ntimaru, aliyevaa miwani ya jua na kuamkia kila mtu. Maxwell alisimama mbele ya kibanda cha Roseline, watu wote wakisikia, akainua mkono.

"Haki ya Mungu," akasema, "tutaanza na Mosoti."

Ikabaki kazi ya kubeba tone. Walijaribu gari la daktari, likakaa chini kwa tumbo kama ng'ombe anayecheua. Frankline akajaribu kuinua sufuria kwa mkono wa mashine, mnyororo ukakatika. Basi Nyatichi akasokota leso, akafanya kata, akaiweka utosini, akapiga goti na kujitwika. Ilikuwa nzito. Alisema mwenyewe kwamba ni nzito. Lakini alikuwa amebeba maji tangu darasa la pili, na ndoo zile pia hakuna aliyewahi kuzipima.

Akashika njia ya Sindo kwa miguu, ziwa likiwa kushoto, na gari la daktari likamfuata nyuma polepole likiwasha taa za tahadhari. Nyayo zake zilizama kwenye udongo mwekundu wa murram, na penye lami zilizama vile vile. Zipo hadi leo, mvua ikinyesha bata huoga humo. Alipopita karibu na Sindo, wanawake walikuwa wametandaza omena, dagaa wa ziwa, juu ya nyavu. Omena zikakauka zote mara moja. Wanawake wakamshukuru, wakamwuliza atapita tena lini.

"Kaka, uko?"

"Niko. Naanza kushikana."

"Kushikana vipi?"

"Vile vipande. Vitatu vitatu, kama alivyosema yule daktari. Kuna kimoja nilikuwa na hakika ni changu, kimeshikwa na vya lile gogo."

"Kiite."

"Nimekiita. Hakiitiki." Wakatembea. Kisha Mosoti akasema, "Ni kule kilimani kulikokuwa kunanipa joto, Nyatichi. Ule mwili wangu. Tukiuacha mbali ninapoa. Usikubali nipoe ugenini, nitakuwa chochote tu."

Nyatichi akasimama. Gari nyuma yake likasimama. Daktari Millicent akateremka, akamkuta amesimama wima katikati ya barabara, shingo imenyooka, jasho linamtiririka mpaka kwenye viganja.

"Anasema anapoa," akasema Nyatichi. "Anataka turudi."

Daktari alifuta miwani yake. Hakuwa mwongo. "Mashine imeshaanza kuchimba," akasema. "Tumewaacha wakiiwasha, wewe mwenyewe uliisikia. Ukifika huko na kurudi, utamkuta ameshatolewa. Mwili utakungoja. Ukirudi sasa na hili tone, watasema umevunja makubaliano, na mashine itaondoka."

Nyatichi alifikiri, mzigo ukiwa kichwani, maana kuutua kungekuwa kazi nyingine. Aliwaza Maxwell akiinua mkono. Aliwaza mashine ya manjano.

"Umesikia, kaka?"

"Nimesikia."

"Tuendelee?"

"Wewe ndiwe mwenye miguu," akasema.

Wakaendelea.

Homa Bay walimpa kiti. Chumba kilikuwa na ubaridi wa mashine na harufu ya rangi mpya, na tone liliwekwa chini ya vioo. Vijana waliovaa makoti meupe walipita wakinong'ona. Nyatichi alikaa karibu, sufuria tupu mapajani. Mosoti alizungumza mara chache, na maneno yake yalikuwa yakigawanyika. Alisema sasa ana uzito. Alisema sasa anajua kushoto na kulia. Aliuliza kama mama amerudi kutoka sokoni, na Nyatichi akamwambia yuko njiani.

Halafu tone likapoa. Mwanga uliokuwa umefungiwa ndani yake tangu mwanzo ukapata njia, ukatoka. Ulipita vioo, ukapita ukuta, ukaenda juu ya ziwa, mchana kweupe, mchana mwingine juu ya mchana. Watu wa visiwani walivuta kofia mbele kidogo, wakaendelea kushona nyavu.

Chini ya vioo zilibaki chembe tatu za mchanga zilizoshikana.

"Zilikuwa nyingi sana," daktari Millicent akamweleza kwa sauti ya chini. Alikuwa amechoka, na alikuwa na furaha, na aliona haya kuwa na furaha. "Mwanzoni kila chembe ilikuwa na mwenzake wa kinyume. Zilipokutana ziliangamizana, zikawa mwanga. Ila kulikuwa na ziada. Kidogo mno, moja katika mamilioni na mamilioni. Ziada hiyo ndiyo ulimwengu. Mimi na wewe ni ziada."

"Na Mosoti?"

"Naye pia."

Nyatichi aliomba apewe zile chembe. Daktari alisema haiwezekani kuzitoa, zimeshaandikishwa. Aliomba basi apewe moja. Daktari alijaribu kwa koleo ndogo, akavuta, zikaja zote tatu. Akazirudisha. Akamshika Nyatichi mkono, akamwambia jina la kaka yake atalitaja popote atakapoalikwa kusema. Nyatichi akashukuru, akauliza gari la kurudi Sori linaondokea wapi.

Kilima alikikuta kimebadilika. Mashine ilikuwa imefanya kazi. Kulikuwa na mashimo mapya huku na huku, makubwa, ya kuta zilizonyooka, yaliyofuata ramani ya joto ambayo vyombo vya daktari vilikuwa vimechora. Wanaume walikuwa tayari wamo ndani, anasikia nyundo zao. Katikati ya mashimo hayo palikuwa na mahali ambapo hapakuguswa. Hata majani yake yalikuwa pale pale.

Kando kidogo kulikuwa na kaburi jipya, fupi, na msalaba uliopakwa rangi nyeupe. Mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika jina la Mosoti.

Nyatichi alienda nyumbani kwake kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu.

"Walikuja na pasta," akasema Roseline, akiwa amepiga magoti anapuliza kuni mbichi, macho yamejaa moshi. Tangu siku ule mwanga ulipopita, chai yake ilitaka moto kama chai ya watu wote. "Walisema umekubali. Waliomba vizuri, nyaminwa, dada yangu. Walitaja hadi mama yenu. Mimi nikapika chai." Alipuliza tena. "Ningefanya nini?"

Halikuwa swali. Nyatichi akaupisha moshi, akaenda kwa Maxwell.

Maxwell alikuwa juu ya kilima, simu mkononi. Alimpa pole ya safari. Alimwuliza kama Homa Bay kuna joto.

"Ulisema mtaanza na Mosoti," akasema Nyatichi.

"Tulianza naye. Kabla mashine haijagusa udongo tulimzika kwanza. Uliza mtu yeyote."

"Mmezika tunda."

"Tumezika anachozikiwa kila mtu asiyeonekana."

"Lakini pale hamkuchimba."

Maxwell alitazama mahali palipobaki na majani, akaonekana kushangazwa na mtu asiyeelewa jambo jepesi. Alijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

"Dada, pale pana mtu. Mashine haiwezi kupita juu ya mtu."

Simu yake ikalia, akaenda nayo kando.

Lori lilikuwa limeshafika. Mashine ya manjano ilikuwa imepandishwa nusu, kucha zake zikining'inia nje, na Frankline alikuwa akiifunga mnyororo gurudumu kwa gurudumu. Kesho ilikuwa inatakiwa kwingine. Nyatichi alipita karibu na kaburi bila kusimama. Akapita mashimo mapya. Akafika kwenye mdomo wa shimo la zamani, pale wanawake hawasimami, akavua viatu, akasimama. Wanaume waliomwona waligeuza nyuso. Hakuna aliyemkataza, dhahabu ya hapo ilikuwa imeshahama.

Udongo chini ya nyayo zake ulikuwa bado vuguvugu. Kidogo tu. Kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia.

"Kaka," akaita.

Hakuna kilichosema. Akavaa viatu, akaenda hadi kwenye lori.

"Frankline, ndugu yangu."

"Naam, dada." Kijana alikuwa ameinama, hakuinua kichwa.

"Mashine bado hujaifunga yote. Shuka nayo kidogo. Ni pale penye majani, si mbali. Mimi nitasimama nikuonyeshe, ukifika kwenye udongo wenye joto nitakuambia polepole. Chimba pale tu."

Frankline alikaza mnyororo aliokuwa ameushika. Akanyooka, akavua miwani yake, akaifuta kwa kipindo cha shati. Roseline alikuwa akipanda kilima na kikombe cha chai, akakipitisha katikati yao, akampa kijana. Chai ilikuwa moto. Frankline akakishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akatazama ziwa.